Mambo ya kanisani kuanzia sasa mpaka Krismasi, na ile habari ya kuchagua wazee

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena. Naona nyinyi wa mabenchi ya nyuma mshaanza kuokota mabegi, mnajua ikifika matangazo ibada imeisha, kaeni kwanza jamani, leo karani ana maneno na Mchungaji amenipa muda, amesema tu chai isipoe. (Kicheko.)

Wale mliokuwa zamu pale mpakani Malaba, na wale mko barabarani saa hii na mtaisoma kwenye simu, nimeiandika vile vile ilivyotoka mdomoni, sikuipiga pasi.

Mchungaji, wazee wenzangu, mama zetu wa Gildi, yaani umoja wa akina mama wa kanisa, mashemasi, vijana, wageni wetu madereva mliopaki hapo nje mnasubiri makaratasi yatoke, nawasalimu wote. Kuanzia sasa mpaka Krismasi tuko na mambo mengi, yaani kila nikigeuza kalenda nakuta kuna kitu, lakini nataka nianze na la karibu na mwisho maana ndilo linalonikosesha usingizi. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja tunachagua wazee wa kanisa. Na hayo mengine yote nitakayoyataja, meza ya Bwana, mavuno, maombi ya watoto wa mitihani, munno mukabi yaani mfuko wetu wa kusaidiana kwenye misiba, nataka myaangalie kwa jicho hilo, muone nani anafika, nani anashika jembe, na nani anaonekanaga tu simu za picha zikitolewa.

Halafu msianze kuuliza T-shirt ziko wapi. Hapa Uganda mtu akisikia neno uchaguzi tu anafikiria sukari na sabuni, lakini huku kwetu Wapresbiteri utaratibu ni mwingine. Kila wilaya, yaani kila mtaa wa kanisa letu, inakaa, inapendekeza majina, majina yanakuja kwa baraza la wazee, baraza linaangalia kama huyu ni mshiriki kamili na mwenendo wake nyumbani ukoje, kisha yanasomwa hapa mbele Jumapili mbili ili mwenye neno aseme, ndipo mnapiga kura. Aliyechaguliwa anafundishwa kwanza, baadaye anawekewa mikono. Hata Mchungaji hawezi kujiwekea mzee anayempenda yeye, na hata mimi karani siwezi kumtoa nisiyempenda, na wako wawili watatu, Mungu ananijua. (Kicheko.)

Nasema hivi kwa sababu wengi hapa mmetoka makanisa mengine, mmeolewa hapa ama mmefuata kazi ya mpaka, na bado mnafikiri kuna mkubwa mahali fulani atakuja kurekebisha mambo. Hakuna. Ndugu zetu Waanglikana wako na askofu wao wa Bukedi, Wakatoliki wako na askofu mkuu hapo Tororo, wakikwama wanajua barua inaenda kwa nani. Sisi tukikwama tunakaa baraza la wazee, ikishindikana tunaenda presbiteri, yaani baraza la makanisa yetu ya eneo, na kule presbiteri wanakaa wachungaji na wazee pamoja, kura ya mzee anayeuza mihogo ni sawa na kura ya mchungaji mwenye digrii mbili. Mi nauheshimu sana huu mfumo, ila mkichagua wazee ovyo ovyo hakuna wa kuwaokoa.

Na hii habari ni ya zamani. Geneva mwaka 1541, wakati wa Calvin, yule mwalimu wa mwanzo wa makanisa kama letu, walipoandika utaratibu wa kanisa lao walisema wazee wawe 12 na wachaguliwe kwa namna ambayo kila mtaa wa mji utakuwa na mtu wa kuuangalia. Uskoti mwaka 1560 John Knox, kiongozi wa mageuzi ya kanisa kule, na wenzake wakataka wazee wachaguliwe kila mwaka, na sababu wakaitoa wazi, wasije watu wakazoea kile cheo wakaanza kulikalia kanisa. Kila mwaka! Sisi hapa kuna watu walipata kiti watoto wao wakiwa nasari, leo hao watoto wanaleta wajukuu kubatizwa na kiti bado ni kile kile. Mzee wa Stesheni, sikutazami wewe. (Kicheko kirefu, mzee mwenyewe akanyoosha mkono.)

Sasa hiyo ya kila mtaa na mtu wake ndiyo sisi tunaita wilaya. Tuko nazo nne, Stesheni, Sokoni, Mtoni na Barabara ya Tororo, na kila Jumatano saa kumi na moja jioni inatakiwa iwe ibada nyumbani kwa mtu, ratiba imebandikwa hapo ukutani tangu Januari mpaka karatasi imegeuka njano. Ukweli ni kwamba wilaya mbili zinakutana, na mbili zinakutana kwenye WhatsApp, mtu anatuma mikono ya maombi mitatu halafu anaendelea kuchoma chapati zake.

Mama yetu wa Mtoni, yule wa kuuza mukene, vile visamaki vidogo kama dagaa, amenipa ruhusa niseme hili. Huyu mama ako na daftari, lile la shule la kurasa 96, jalada lilishanyeshewa, ukilifungua linanuka mukene mpaka unapiga chafya. Ndani amepiga mistari na rula. Jina, nyumba iko nyuma ya nini, watoto wangapi, halafu namba ya simu ya jirani, yaani ya jirani kabisa, maana anasema mtu akiugua sana simu yake inazimika chaji na yeye amelala. Mwisho wa mstari kuna nafasi ya kuweka msalaba mdogo wa penseli kila Jumapili ambayo hujaonekana. Ikiwa misalaba miwili anapiga simu. Ikiwa mitatu anafunika mukene wake na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, anamwachia jirani meza, anakuja mwenyewe. Wakati wa ile mvua kubwa misalaba ilimpeleka kwa babu mmoja anayeishi peke yake chini huko karibu na mto, akamkuta amelala sakafuni, aliteleza kwenye tope akaumia nyonga, alikuwa anaishi kwa ndizi mbivu ambazo watoto wa jirani walikuwa wanampitishia dirishani wakidhani ni mchezo. Mama akatafuta boda, boda akaogopa kumbeba, akaita vijana wa kwaya, wakamtoa na godoro lake mpaka barabara kubwa, na jioni ile ile babu alikuwa hospitali Tororo. Babu ndiye huyo hapo kwa nguzo na fimbo yake. Mpigieni makofi. (Makofi.)

Sasa la upande wa pili, na wilaya sitaitaja. Kuna dada yetu, mshiriki, alijifungua kabla ya siku zake, akakaa wodini na mtoto wiki nyingi. Jina lake liko kwenye orodha. Zamu yake ya kufagia kanisa ikapita, ikapita tena, watu wakaanza kunung'unika ati siku hizi anajidai. Tulipata habari zake siku alipotuma mtu kuja kuazima turubai la matanga. Turubai tukampa, viti tukampa, tukaenda wote na sare, tukaimba vizuri sana. Naliacha hapo.

Kwa hiyo mkikaa kwenye wilaya zenu kupendekeza majina, mi naomba muulizane kitu kimoja tu, huyu alishawahi kufika kwako bila kuitwa? Msichague mtu kwa tai yake ya shingoni. Msichague mtu kwa sababu anaomba kwa sauti nzito na kwa Kiingereza. Na najua sisi ni watu wa mpaka, pesa iko, kuna ndugu zetu wa kampuni za klia, za kutoa mizigo forodhani, wakifungua waleti hapa mbele hata kinanda kinanyamaza, na tunawashukuru kabisa, mabati haya juu ya vichwa vyenu yametoka kwao. Lakini mtu anaweza kununua mabati ya kanisa zima na asijue njia ya kwenda kwa mjane mmoja. Huyo tumpe kamati ya ujenzi, atang'ara huko.

Na baraza limekubali majina ya mama yapendekezwe kama ya baba. Nasikia kuna wanaoguna. Uskoti kwenyewe walikubali wanawake wawe wazee mwaka 1966, na uchungaji wakawakubalia 1968, na hapo ng'ambo ya mto, PCEA ya Kenya, yaani kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, waliweka mikono mwanamke wa kwanza kuwa mchungaji mwaka 1982. Ni zamani hiyo, baadhi yenu mnaoguna hamjazaliwa. Na kama mko na shida na mama kuwa mzee, nendeni mkamwambie huyo babu pale kwa nguzo.

Haya, kalenda.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi ni meza ya Bwana. Hiyo siku makanisa mengi duniani yanashiriki pamoja, ni jambo lililoanzishwa na Wapresbiteri wenzetu wa Pittsburgh kule Marekani mwaka 1933, kanisa moja tu lilianza, leo limefika mpaka hapa Malaba. Wiki mbili kabla ya hapo wazee watapita nyumba kwa nyumba. Ndiyo, nyumba kwa nyumba, hata zile za ghorofa zenye mbwa. Kule Uskoti zamani mzee alikuwa anakuja kwako kabla ya meza, anaongea na wewe, akiridhika anakupa kipande cha madini kama sarafu, na siku yenyewe bila kile kipande hukaribii. Hatutarudisha vile vipande, msianze kutetemeka, ila kupita tutapita, na mkiona mzee wa wilaya hajafika kwenu mpaka Ijumaa ya mwisho mnipigie mimi. Kama kuna watu wawili hawasalimiani, na ninawajua, mtumie hizo wiki mbili. Mama wa Gildi wataosha vile vikombe vidogo Jumamosi kuanzia saa nane, wanahitaji mikono zaidi maana mara ya mwisho waliosha watatu peke yao na vikombe ni vingi na vinateleza. Vijana wa kiume nanyi pia mko na mikono.

Dereva ambaye ni mshiriki kanisani kwao, awe wa Nairobi, Eldoret ama Goma, karibu mezani, mwambie tu mzee wa mlangoni unatoka wapi. Aliyehamia hapa moja kwa moja alete barua ya kuhama kutoka baraza la kwao. Kuna watu wamekaa hapa miaka wakiwa wageni, hawako kwenye daftari lolote, na mtu asiye kwenye daftari hawezi kupigiwa msalaba wa penseli, mnanielewa.

Tarehe 9 mwezi huo huo wa kumi ni Uhuru. Asubuhi tunafanya bulungi bwansi, yaani kazi ya kijamii ya pamoja, tunasafisha kile kisima cha chini ya stesheni na kufyeka njia yake, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ashaambiwa, njoo na jembe ama panga, usije na simu peke yake. Mchana vijana wanacheza mpira na vijana wa Waanglikana. Mwaka jana walitufunga. Sisemi ngapi.

Watoto wa mitihani sasa. P7, yaani darasa la saba, wanakaa mwanzoni mwa Novemba, S4, yaani kidato cha nne, wanaanza mapema kidogo, na Jumapili kabla ya P7 tutawaita hapa mbele tuwaombee na kila mmoja apewe kalamu mbili na rula, mashemasi wameshanunua. Lakini niseme ukweli ambao kila mtu hapa anaujua na hakuna anayeusema. Kuna wazazi ndani ya kanisa hili mtoto wa P7 anavushwa mto saa kumi na moja alfajiri na jerikani ama na gunia la sukari kichwani kwa sababu askari hawamkamati mtoto, halafu saa mbili anafika darasani anasinzia. Mnataka tumwekee mikono kichwani pale pale magunia yanapokaa? Mpaka Novemba ipite, mwacheni huyo mtoto alale. Mzazi ambaye kweli hana namna, na wapo, naelewa maisha yalivyo, aende kwa shemasi aseme, kuna kiasi kwenye mfuko wa mashemasi na kiliwekwa kwa kazi hiyo, hakikuwekwa kwa ajili ya soda za wageni.

Wale wa S4 wakimaliza, vakisheni yao ni ndefu na mpaka huu unajua kuwapokea vibaya. Darasa la katekisimu, yaani mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, linaanza wiki ya pili ya Desemba, Jumanne na Alhamisi. Ile katekisimu fupi ya Westminster ya mwaka 1647 iko na maswali 107, Mchungaji amesema hamtakariri yote, mimi ningewakaririsha yote lakini si mimi mwalimu.

Mavuno ni Jumapili ya pili ya Novemba. Leteni mlicho nacho, wimbi, mahindi, mihogo, kuku, mbuzi, na wa mjini msiolima leteni hata mche wa sabuni. Mnada utakuwa baada ya ibada na mnanadi ni yule yule wa mwaka jana, mnamkumbuka alivyouza fene moja, yaani fenesi, mara nne, mtu ananunua, anarudisha, linauzwa tena, mpaka limefika bei ya mbuzi, na mwisho likaliwa na watoto wa Sunday school kabla mwenyewe hajalibeba. Yule mwenye lile fene bado anadai. (Kicheko.) Mwaka huu fene litakaa nyuma ya meza, karibu na mimi. Hesabu ya mavuno itasomwa hapa hapa Jumapili inayofuata, iliyoingia na itakakoenda, na mhasibu atabandika karatasi mlangoni. Mchungaji hagusi pesa na hataki kuzigusa. Mtu akikutumia namba ya mobile money binafsi akisema ni ya mavuno, hiyo si ya kanisa, ya kanisa imeandikwa kwenye bahasha na inahitaji watu wawili ndipo pesa itoke.

Munno mukabi tuseme haraka haraka. Elfu tano kwa mwezi kwa kila nyumba, bado ni ile ile. Nyumba karibu nusu ziko nyuma. Tulikubaliana hatutamnyima mtu turubai kwa sababu ya deni, na hatutamnyima, lakini ile sufuria kubwa ya posho, yaani ugali, imetoboka na nyingine haitajinunua yenyewe. Pia kuanzia sasa mfuko huu utasaidia na wagonjwa waliolazwa, baraza lilipitisha mwezi jana, isiwe tunafahamiana kwa maziko tu. Mama wa Gildi wanaenda wodini Tororo kila Jumamosi ya tatu na chupa za chai na sabuni, mwenye mgonjwa aandike jina na namba ya wodi.

Kuna jambo la lugha limeulizwa na wazee fulani wa Kiteso, kwa nini ibada hii ya saa nne isirudi Ateso tupu, na kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na madereva. Ibada ya saa mbili ni ya Ateso na inabaki, hakuna anayeigusa. Lakini hii ya saa nne angalieni mliokaa hapa, Wateso, Japadhola, Wasamia, Wakikuyu, Wakongo, hao ndugu wawili wa Sudan Kusini, tuimbe lugha ya nani? Na hao askari na madereva ni watu wa kuokoka kama wewe. Mutesa mwenyewe, Kabaka wa Buganda, aliposomewa Maandiko na mmisionari Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, Mackay alianza kwa Kiswahili, na huyo Mackay baba yake alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri kule Uskoti, kwa hiyo ukitaka kulalamika ulalamikie ukoo wetu wenyewe. Krismasi kwaya ya vijana wataimba kwa lugha nne na akogo, zile ala za kupigwa kwa vidole gumba, zitapigwa, mazoezi Ijumaa jioni, na watoto wa mchezo wa Krismasi waanze kuja Jumamosi hii maana mwaka jana Yusufu alisahau maneno akaanza kulia.

Sasa viti. Kanisa liko na viti vya plastiki vya kijani ambavyo vilitoka hapa kwenda kwenye matanga, kwanjula yaani sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, na birthday moja ambayo sikualikwa, na kumi na moja havijarudi. Vina alama ya rangi nyeupe chini ya makalio. Ukikaa nyumbani kwako leo, geuza kiti.

Karatasi za wilaya nne ziko mlangoni na kalamu imefungwa kwa uzi. Kila mtu aandike jina, nyumba, na namba ya jirani, na kila wilaya Jumatano hii mkutane nyumbani kweli kweli, Stesheni ni kwa mama wa duka la vipuri, Sokoni ni kwa Shemasi, Mtoni mnajua, Barabara ya Tororo ni kwangu na mbwa atafungwa. Asiyejua wilaya yake anifuate sasa hivi kabla hajaenda kwenye chai. Vikombe ni vichache, watoto na wageni kwanza.